Fito Nne za Kihonda

Barabara ya kwenda mashamba ya juu ya misheni yetu haina mahali pa kugeuzia gari. Inatoka Mlali, inapita kwenye ua wa masista, kisha inaendelea kupanda ikizidi kuwa nyembamba, mpaka inafika kwenye shamba la mwisho la karoti na kuishia hapo hapo. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu. Upande wa pili ni migomba, na baada ya migomba ni hewa. Kwa hiyo pikapu ya misheni hupanda kwa mbele na kushuka kwa nyuma, ikiwa imejaa kabichi, kwa mwendo wa mtu aliyebeba bakuli la maziwa.

Kwetu gari likirudi nyuma si kazi ya dereva peke yake. Mwenye jembe ataliacha, mwenye mzigo wa kuni atautua, na wote watasimama nyuma ya gari wakiinua mikono. "Njoo, njoo, njoo. Kata kulia. Kata yote. Rudisha usukani. Njoo. Basi." Dereva ni mikono tu, macho ni ya wale walio nyuma. Dereva wetu wa zamani aliwahi kuniambia kwamba ana miaka mingi hajageuza shingo. Aliniuliza angeangalia nini na watu wapo. Na kama anayeelekeza ni mtu mzima, unafuata neno kwa neno, hata kama wewe mwenyewe unaliona jiwe. Mtu aliyeacha jembe lake ili akuazime macho hubishani naye.

Nimeanza na hayo kwa sababu bila kuyajua, msomaji atadhani nilifeli mtihani wa udereva kwa ujinga. Nilifeli kwa adabu.

Nilipomaliza darasa la saba niliingia kwenye bustani ya masista, kupanda miche, kumwagilia, na kupakia mazao kwenye pikapu. Kazi ile ilinifaa kwa sababu karoti haikuulizi kitu. Mimi si mtu wa maneno. Kwaya ya kigango ilinitoa, si kwa sauti mbaya, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia.

Mwanzoni mwa Kwaresima dereva wetu alitangaza kwamba anaacha kazi baada ya Pasaka kwa sababu macho yake yamechoka. Tulishangaa, maana tulijua hajayatumia. Siku ile ile Sista anayesimamia bustani aliniita ofisini kwake. Ni mama mfupi anayeongea kana kwamba anasoma orodha.

"Nimekuangalia," alisema. "Hunywi, huchelewi, huongei. Dereva wa namna hiyo sijawahi kumpata."

Akanieleza kwamba misheni itanipeleka shule ya udereva mjini. Nikirudi na leseni kabla ya Pasaka, ufunguo wa pikapu ni wangu. Nisiporudi nayo, kuna kijana wa mjini aliyekwisha kuja mara mbili kuulizia nafasi. Anaongea sana, Sista alisema, lakini leseni anayo.

Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilikuwa nimefikiria sana jambo hili nikiwa kwenye matuta. Dereva anakaa mbele na watu wote wako nyuma yake. Hakuna anayemtazama usoni. Akisalimiwa barabarani anapiga honi mara moja na imetosha. Niliona kwamba Mungu aliumba udereva akiwafikiria watu kama mimi.

Nikashuka mjini, nikapata kona ya kulala kwa mama mdogo, Mji Mpya, na Jumatatu nikaenda kuanza shule.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye picha za alama za barabarani, gari moja dogo jeupe la gia za mkono, na uwanja wa wazi upande wa Kihonda. Mwalimu wetu alikuwa Mzaramo. Alipogundua kwamba mimi ni Mluguru alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi, kwa sababu sisi na wao ni watani, na angeweza kunisema mchana kutwa bila mtu kumlaumu.

"Jamani, huyu kwao wanalima wamejifunga kamba kiunoni wasidondoke," aliwaambia wanafunzi wenzangu. "Leo tumemleta tambarare, mnaona anavyoona kizunguzungu."

Mtani hujibiwa. Mimi jibu zuri nilikuja kulipata siku ya tatu, nikiwa naoga, na kwa wakati huo mazungumzo yalikuwa yamepita.

Kwenda mbele nilijifunza upesi. Hata kubalansi klachi, ile kuiachia nusu mpaka gari linatetemeka kama mbuzi aliyeshikwa mguu lakini halisogei, niliiweza wiki ya kwanza. Mwalimu alilazimika kutafuta kitu kingine cha kunitania. Alikipata tulipofika kwenye boksi.

Boksi ni fito nne. Kila ufito umesimikwa kwenye kopo la rangi lililojazwa zege, na juu yake umefungwa kitambaa chekundu. Makopo yamepangwa pembe nne, na kati yake kuna nafasi ya gari na kiganja kimoja kila upande. Unakuja kwa mbele, unalipita boksi, unasimama, unaweka gia ya nyuma, unaingia kinyumenyume bila kugusa chochote. Ukitoka hapo unakwenda kwenye fito nyingine mbili kando ya uwanja, kupaki katikati yake kama mtu anayepaki mbele ya duka kati ya magari mawili. Mwalimu alisema mtihani wote ni hapo. Barabarani trafiki anaweza kukusamehe, lakini ufito hausamehe.

Kando ya uwanja ule kulikuwa na nyumba ya mzee mmoja. Alikuwa mrefu, mwembamba, sauti yake nzito, na ujana wake wote aliumaliza akiwa utingo kwenye malori ya mizigo ya kwenda Songea. Kazi ya utingo, pamoja na mambo mengine, ni kushuka na kumrudisha dereva nyuma. Mzee alikuwa amestaafu lori, lakini ile kazi ya kurudisha magari haikuwa imemtoka. Akisikia gia ya nyuma ikilia, popote alipo, anakuja. Alikuja akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alikuja akiwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa, kinyozi akimfuata.

Wenzangu walikuwa wakipandisha vioo. Mwalimu hakuweza kumfukuza, kwa kuwa mzee ni rika la baba yake, na vilevile maji ya rejeta tulikuwa tunachota kwenye bomba lake. Alituambia tu kwamba mzee tumsalimie, halafu tuendelee na yetu.

Mimi nilimsalimia. Nilishusha kioo, nikasema, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba, akazunguka nyuma ya gari, akainua mikono.

"Njoo. Njoo. Njoo. Kata kulia. Kulia, kulia, yote."

Boksi lilikuwa kushoto. Niliona kwenye kioo kwamba liko kushoto. Lakini nyuma yangu alisimama mtu mzima aliyeniazima macho yake, na mikono yangu haikuniuliza. Nikakata kulia, yote. Gari likaenda upande wa pili kabisa, likaangusha ufito wa boksi la wanafunzi wa pikipiki.

Mwalimu alikuja taratibu, akainama dirishani. "Dogo, naomba kujua. Hili gari anaendesha nani?"

Mzee, kule nyuma, alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, akisema kijana huyu anasikia maelekezo, si kama hawa wengine.

Kuanzia siku hiyo akawa wangu. Nilipopanda gari alijua, sijui kwa njia gani. Nikikaa foleni alikuja kukaa karibu yangu, akanisimulia kona za Kitonga. Na kila nilipoingia kwenye boksi alinielekeza, nami nilimtii, na ufito ulianguka. Nilijaribu kuja saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaamka. Alitoka na mswaki mdomoni, akaelekeza kwa mswaki. Nilijaribu kuziba masikio kwa pamba, nikagundua kwamba mikono yake nayo inaongea. Nilijaribu kumwomba mwenzangu mmoja akae naye azungumze naye, lakini mzee alimwambia mwenzangu angoje kidogo, kuna kazi.

Aliyefumbua fumbo la kulia na kushoto alikuwa mwalimu. Alikaa siku moja akimtazama mzee kwa makini, mikono kiunoni, halafu akaanza kucheka peke yake mpaka akachuchumaa.

"Huyu mzee anarudisha lori lenye tela," alisema alipopata pumzi. "Tela ukitaka liende kushoto unakata kulia. Yuko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba sisi hatuna tela."

Wote walicheka. Mimi nilicheka pia, ndani ya moyo, kisha nikakumbuka kwamba kujua sababu hakujanipa namna ya kumwambia.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wiki mbili kabla ya Jumapili ya Matawi. Aliyekuja kutusahihisha alikuwa afande wa kike, mnene, mtulivu, mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti ya chini iliyowafanya watu wote wanyamaze ili wamsikie. Tulikuwa kama thelathini, shule tatu pamoja. Nilipoitwa, niliomba kimoyomoyo kwamba mzee awe na mgeni nyumbani kwake.

Hakuwa na mgeni. Alikuwa amevaa koti.

Sitaki kuandika sana juu ya siku hiyo. Nilipita boksi, nikasimama, nikaweka gia ya nyuma, na gia ikalia. "Njoo, mjukuu wangu," mzee alisema, na aliposema mjukuu wangu nikajua nimekwisha. Kata kulia. Nikakata kulia. Kopo la zege lilipinduka, ufito ukaingia chini ya gari, na kwa kuwa mzee alikuwa bado anasema njoo, niliendelea kuja, nikiuburuta ufito pamoja na kopo lake mita kadhaa huku kitambaa chekundu kikichungulia pembeni ya gurudumu. Mtu mmoja wa shule nyingine alisema huyu amevuna.

Afande aliandika kwanza. Kisha akaniuliza kwa sauti yake ya chini, "Boksi liko kushoto. Kwa nini umekata kulia?"

Mzee alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, anatabasamu, anangoja nisifiwe.

"Nimekosea, afande," nikasema.

Jioni nilimpigia Sista simu. Alipokea, akasema haloo, nami nikakaa kimya nikitafuta pa kuanzia. Alingoja kidogo, halafu akasema ameelewa. Akaniambia kuna mtihani mwingine Alhamisi kabla ya Matawi, amekwisha kumuuliza mwalimu, na kwamba yule kijana wa mjini amekuja mara ya tatu. Safari hii alikuja na barua ya sifa. Sista alimwambia arudi Jumatano ya Wiki Kuu. Hakusema zaidi, wala hakuwa na haja ya kusema. Niliiona barua ile usiku kucha, ingawa sikuwahi kuiona.

Kati ya wanafunzi wa shule yetu kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa katikati ya mji. Mumewe alikuwa amekatazwa na daktari kuendesha, watoto wako ng'ambo, na yeye alisema amechoka kungoja mtu wa kumpeleka hospitali na kumrudisha. Alikuja uwanjani na raba nyeupe chini ya suruali yake ya kitambaa cha maua, na alifaulu mara ya kwanza. Siku aliyokuja kuchukua karatasi zake alinikuta nimekaa kwenye kivuli cha gari, nikitazama boksi.

"Bado mzee?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Alikaa kwenye tofali karibu yangu, akajipepea kwa bahasha. Aliniuliza kama nimewahi kumwambia chochote. Nikasema hapana, yeye ni mtu mzima, nitamwambiaje.

"Sikiliza, kijana. Dukani kwangu wanaingia akina mama, wengine wakubwa kuliko mimi, wengine wananiita mwanangu. Nimeshika mkasi. Mama anasema, kata hapa. Nikinyamaza nikakata, na kitambaa kikapungua, kosa la nani?"

Nikasema la mama.

"La kwangu. Mkasi ninao mimi. Kwa hiyo huwa nasema, ngoja kwanza nipime. Sijamtukana, sijamkatalia. Nimesema ngoja nipime. Miaka thelathini, hakuna aliyekasirika. Mmoja tu, na yule alikuja amekasirika tayari."

Akasimama, akapangusa suruali, akaenda zake akiendesha gari lake mwenyewe. Alitoka uwanjani na taa za dharura zikiwaka kwa sababu hakujua namna ya kuzizima.

Usiku nilifanya mazoezi ya kusema. Ndiyo, peke yangu, kwa mama mdogo, nikiwa nimekaa kitandani. Babu, ngoja kwanza nipime. Babu, ngoja. Mama mdogo aliuliza kutoka chumba cha pili kama nazungumza na simu. Nikasema ndiyo. Akasema hajawahi kunisikia nikizungumza na simu muda mrefu namna hiyo, na je, ni msichana?

Siku ya mtihani wa pili masika yalikuwa yameanza. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Uluguru tangu asubuhi, na uwanja ulikuwa na tope la kushika raba na kubaki nayo. Watu walikuwa wale wale thelathini au wengine kama wao, wamejibana chini ya bati la mama muuza chapati. Afande alivaa buti za mvua. Mwalimu alinishika bega, akafungua mdomo anitanie, akaufunga. Hilo lilinitisha kuliko kila kitu.

Mzee alikuja na filimbi.

Ilikuwa filimbi ya chuma, ya zamani, kwenye kamba nyekundu. Alinionyesha kwa fahari. Alisema mara ile nilikosea kwa sababu sikumsikia vizuri, na leo kwa mvua hii angehitaji kitu chenye sauti. Mara moja ni njoo, mara mbili ni kata, mara tatu ni simama. Nilimsalimia, akaitikia, akaenda kusimama nyuma ya boksi, miguu ameipanua, filimbi mdomoni, koti limeloa mabegani.

Jina langu likaitwa. Nilipanda, nikafunga mkanda, nikapita boksi, nikasimama. Nikaweka gia ya nyuma. Gia ikalia, na filimbi ikalia.

Nilikanyaga breki. Filimbi ikalia tena. Kwenye kioo nilimwona mzee akiinua mkono wa kulia, akiuzungusha: kata, kata. Nikaona mikono yangu mwenyewe imeanza kuzunguka na usukani. Niliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Kisha nikatoa gia, nikavuta breki ya mkono, nikafungua mkanda, nikafungua mlango, nikashuka kwenye tope.

Chini ya bati kila mtu aligeuka kutazama. Hata chapati nadhani iliungua. Kutoka mlangoni mpaka alipokuwa mzee ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu, na katika hizo kumi na mbili nilisahau kabisa maneno ya mama wa duka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Gari limezima?"

"Halijazima. Babu, leo naomba nirudi mwenyewe."

Alitoa filimbi mdomoni. "Mwenyewe? Na nyuma utaona kwa kitu gani?"

"Kwa vioo."

"Kioo hakisemi, mjukuu wangu. Kioo kinakuacha unaanguka nacho kinatazama." Akainama kidogo, uso wake karibu na wangu, na nikaona kwamba hakukasirika. Alikuwa na wasiwasi juu yangu. "Kwani mimi nimewahi kukugongesha?"

Ningeweza kusema hapana. Ndiyo heshima, na ndilo neno lililokuwa tayari mdomoni. Nyuma yangu gari lilikuwa linanguruma taratibu, afande ameshika karatasi chini ya mwavuli, na mahali fulani kijana mmoja anakunja barua yake ya sifa.

"Ndiyo, babu," nikasema. "Mara saba."

"Saba?"

"Na ya mtihani. Nane."

Mwalimu alikuwa anachunguza viatu vyake. Mzee alinitazama, akatazama fito, akarudi kunitazama.

"Nane," alisema, kama mtu anayepewa habari ya mgonjwa. "Na hukusema."

"Sikusema."

"Mimi nikadhani unafurahi."

Mzee alilitazama gari. Alilitazama kuanzia taa za mbele mpaka buti, polepole, kama mtu anayelipima kwa macho ili alipakie. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza analiona. Alikwenda mpaka nyuma yake, akatazama pale ambapo kitu kingine kingefungwa, akaweka mkono hapo, patupu.

"Hili halina tela," alisema.

"Halina, babu."

Chini ya bati mtu mmoja alianza kucheka akakanyagwa mguu. Mzee aliivua filimbi shingoni, akaizungushia kamba yake, akaitia mfuko wa koti. Kisha akaenda kusimama karibu na afande, mikono nyuma, mdomo ameufunga. Afande alisogeza mwavuli kidogo ukamfunika naye.

Nilirudi garini. Na sasa naomba niseme ukweli: nilipokaa na kuweka gia ya nyuma na hakuna aliyesema kitu, niliogopa zaidi. Wiki zote hizo nilikuwa sijawahi kurudi nyuma katika ukimya. Boksi lilikuwa kwenye kioo, dogo, likitiririka maji. Nilitazama kioo cha kushoto mpaka ufito wa kwanza ukatokea. Ngoja nipime, nikasema, safari hii kwa sauti, na hakukuwa na wa kumwambia ila mimi. Nikakata kushoto. Nikaachia klachi nusu. Gari likaingia kidogo kidogo, kama mtu aliyechelewa misa anayeingia padri akiwa ameshaanza kuhubiri, akitafuta nafasi mwishoni mwa benchi bila kugusa goti la mtu. Ufito wa kushoto ukapita. Wa kulia ukapita. Nilirudisha usukani, nikaacha gari linyooke, na vitambaa vyekundu vyote vinne vilikuwa vimesimama.

Kwenye fito za kando sikumbuki vizuri nilivyopaki. Najua gurudumu la nyuma liliteleza kwenye tope, nikasimama, nikasogea mbele, nikaanza upya, na hakuna aliyenikimbiza.

Afande alikuja dirishani na karatasi yake.

"Umeshuka kwenye gari katikati ya mtihani," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Breki ya mkono uliweka?"

"Niliweka."

"Gia?"

"Niliitoa, afande."

Aliandika. Aliandika muda mrefu, kalamu ya kwanza ikagoma kwa unyevu, akatoa ya pili. Kisha akasema kwamba amesahihisha madereva miaka mingi, na wengi wao hurudi nyuma bila kujua nyuma kuna nini wala kuna nani. Akapiga mhuri, akaita jina linalofuata. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu hakusema nimefaulu wala nimefeli, na kumuuliza nilishindwa. Mwalimu ndiye aliyefungua mlango.

"Shuka, Mluguru. Umefaulu. Au unataka tukufunge kamba tukuvute?"

Nikamwambia kamba awafungie Wazaramo, wasije wakasombwa na mvua, maana kwao hawana hata kichuguu cha kukimbilia. Alinitazama kana kwamba gari limeongea. Kisha akacheka mpaka akashika mlango, na watu wa chini ya bati wakaulizana nimesema nini.

Mzee nilimkuta kwa mama muuza chapati akiwaeleza vijana wa shule nyingine kwamba gari dogo ni tofauti kabisa na lori, na kosa kubwa la watu wengi ni kutolijua hilo. Alininunulia chai. Tulikunywa, na alinipa nusu ya chapati yake.

Leseni yenyewe niliipata Jumatano ya Wiki Kuu. Picha yake ilipigwa na kijana mwenye haraka. Alisema tazama hapa, nikatazama, mwanga ukawaka, akasema mwingine. Nilihisi kwamba kuna kitu hakikwenda sawa lakini foleni ilikuwa ndefu. Jioni hiyo hiyo nilipanda mpaka misheni. Yule kijana wa mjini alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, amevaa shati lililopigwa pasi, na tulisalimiana. Aliniuliza habari za njiani, mvua, karoti, na timu gani naipenda, na kabla sijajibu hata moja Sista akafungua mlango na kuniita ndani.

Aliichukua leseni, akaisogeza kwenye dirisha lenye mwanga. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Umefumba macho," alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Miaka mitano utatembea na picha hii."

"Ndiyo, Sista."

Aliitazama tena kidogo, na mdomo wake ukafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona ukifanya, kisha ukaacha. Alimwita yule kijana, akamshukuru kwa adabu, akamwambia nafasi imepata mtu, na kwamba asiondoke bila kula. Kijana alichukua muda kumaliza kuaga. Alipokwenda, Sista aliingiza mkono kwenye mfuko wa vazi lake, akatoa ufunguo wa pikapu, akaufuta kwa kidole gumba, akanipa. Ulikuwa bado na joto la mfukoni.